Kiazi cha Bibi Kipo Mwitongo

Mama, shikamoo. Huku Mwitongo, Butiama, mvua imeshika vizuri.

Mwenyeji wangu, Mama Bhoke, amenipa viazi vitamu na maziwa mgando. Nilipomenya kimoja, harufu ilinirudisha jikoni kwa bibi. Nikauliza ametia nini, akacheka.

"Kiazi kinatiwa nini? Huo utamu ni wa ukoo. Marando ya kupanda tulikuwaga tunaomba kwa bibi yako."

Anasema mbegu ya ua huchanganya ukoo, lakini rando, kipande cha shina, ni mwili uleule wa mama yake, ladha haipotei. Na sisi huko Kigera tulidhani ukame uliimaliza mbegu ile ya bibi.

Nimeyafunga marando ya kukuletea kwenye gunia lililoloweshwa maji. Jitunze, mama, uanze kuinua matuta. Bibi anarudi nyumbani.

Mwanao, Neema