Kilabu cha Wambui Kando ya Mto Ruiru

Mjukuu wangu mpendwa Wambui,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka Ngoingwa; cucu yako, mke wangu, anaendelea vyema. Umeuliza iwapo nyanya yangu, ambaye unabeba jina lake, alimiliki kilabu cha pombe kweli, kwa kuwa jamaa zetu wa kanisani wanakana.

Ujanani nilifuatana na shangazi yangu kukitafuta katika ramani za ofisi ya ardhi. Karani alikunjua ramani ya zamani.

“Hapa mtoni hapana nyumba, mama. Ni njia za miguu tu.”

Shangazi akacheka. “Haiya! Na zote zinakutana mahali pamoja? Watu walikuwa wakienda kutazama nyasi?”

Karani akainamia tena ramani, akizifuata njia hizo kwa kidole.

Leseni nyanya yangu hakupewa kamwe, mjukuu wangu, lakini wateja walimwandikia ushahidi kwa nyayo zao. Jina hilo lichukue kwa fahari.

Ni mimi babu yako, guka mtiifu kwa ukweli.