Taa Iliyozimwa ya Valfrid

Jumatatu, 2 Desemba

Theluji mpya tangu alfajiri. Hjördis, jirani yangu, amekuja na kahawa yake mwenyewe kwenye chupa – yangu anasema ni maji ya kusuuzia sufuria. Alikaa kitambo bila kuvua koti. Kisha akauliza kama taa iliyozimwa inaweza kuwaka.

Ni taa ya karakana ya mumewe, Valfrid, ng'ambo ya ua. Tulimzika Septemba. Swichi iko jikoni. Hjördis huizima kwa mkono wake. Na bado anaona mwanga kwenye dirisha la karakana, hafifu kama maziwa yaliyozidi maji. Alimwambia binti yake, Gunnel. Gunnel aliangalia, hakuona kitu. Sasa ameita mtu wa halmashauri aje Ijumaa kumpima mama akili. Akionekana amechanganyikiwa, atahamishiwa mjini, kwenye nyumba ya wazee.

"Umepima taa maisha yako yote, Sixten," akasema. "Nipime na mimi. Nimeanza wazimu?"

Nilimwomba aniletee balbu, pamoja na boksi lake kama bado lipo.

Jumanne, 3 Desemba

Boksi lipo. Valfrid hakutupa kitu.

Herufi kubwa: SAWA NA WATI SITINI. Hayo ni maneno ya sokoni. Wati ni kuni, lumeni ndio mwanga. Hakuna anayepima moto kwa kuhesabu kuni alizonunua, lakini kwenye balbu watu bado wanafanya hivyo. Herufi ndogo, pembeni: lumeni 806, wati 7. Hapo ndipo mtu asome.

Nimeipima ndani ya sanduku langu lililopakwa rangi nyeupe, kwa kulinganisha na balbu ya kipimo niliyotoka nayo maabara nilipostaafu. Kwanza niliiacha ipate joto. Balbu hizi zikiwa baridi hujisifu – dakika za mwanzo zinang'aa kuliko zitakavyong'aa jioni nzima. Anayepima haraka hudanganywa. Ilipotulia: 780 na kitu. Wati saba kweli. Boksi halikusema uongo.

Na hilo ndilo jibu. Balbu ya zamani ilikula umeme mwingi, karibu wote ukaishia joto. Tone la umeme lisingeifanya hata iwe nyekundu. Hii inatosheka na tone. Nyaya mbili zinalala bega kwa bega chini ya ua, mmoja una umeme, mwingine umekatwa na swichi. Kidogo kinavukia upande wa pili. Kidogo hicho kinaitosha.

Nimemrudishia na kumweleza yote. Alisikiliza kama mwanafunzi mzuri.

"Kwa hiyo kuna kitu kinavuka ua," akasema.

"Umeme."

"Nimesikia, mwalimu. Kunywa, kahawa inapoa."

Alhamisi, 5 Desemba

Gunnel amefika kutoka mjini. Nilimkuta jikoni kwa mama yake, taa zote zinawaka, paji la uso kwenye kioo cha dirisha.

"Mzee Sixten, tafadhali usimtie moyo. Pale ni giza tupu."

Kipimo changu nacho kilisema sifuri; hakikuundwa kwa mwanga mdogo hivyo. Nilianza kuona aibu. Halafu nikamwuliza Hjördis huwa anaangalia saa ngapi. Akasema: nikikaa na magharibi.

Nilipaswa kujua. Mama zetu walifanya hivyo – mchana ukiisha hawawashi taa mara moja. Mafuta yalikuwa ghali. Watu wanakaa, mikono mapajani, mpaka giza liingie lenyewe. Hjördis na Valfrid hawakuacha kamwe. Gunnel anawasha taa kabla hajavua viatu. Macho yake hayapati nafasi ya kufunguka.

Nikamwambia azime zote, akae.

"Tunasubiri mizimu?"

"Tunasubiri macho yako."

Simu yake iliwaka mara moja, ikatubidi tuanze upya. Giza. Jiko likitoa mlio linapopoa. Kwanza dirisha lilikuwa jeusi kama kuta zake. Kisha halikuwa jeusi tena. Ukingo wa meza ya useremala. Mpini wa randa. Mwanga usio na rangi, wa kitu kinachokaribia kuwapo.

"Mama," akasema Gunnel, "nisamehe. Nilidhani unaota."

"Sasa umemwona baba yako," akasema Hjördis.

Sikuhitaji taa kujua Gunnel amenigeukia.

Nikaeleza tena. Waya, tone, lumeni. Nikasema niking'oa fyuzi ya karakana mwanga utakufa hapo hapo, na itakuwa ushahidi. Gunnel akasema: ing'oe. Hjördis alinishika mkono wa koti.

"Kesho nitamwambia huyo mgeni ni umeme. Nitaeleza vizuri, kama ulivyonifundisha, hatapata kosa. Ila iache."

Nimeiacha.

Nikirudi nyumbani nilipita karibu na karakana. Nilijikuta nimesimama, kofia mkononi, theluji inaniangukia kichwani. Sikumbuki kuivua.

Ijumaa, 6 Desemba

Gunnel amepiga simu asubuhi. Mama amekariri yote, anasema, mpaka lumeni. "Anaeleza kuliko wewe. Ndiyo maana naogopa." Hataki kumdanganya mtu wa halmashauri, na hataki kumng'oa mama yake nyumbani. Kwa hiyo swali atalileta kwangu, mbele ya wote: je, mama anajua kwamba mle karakanani hamna mtu?

Nimetembea jikoni nikitafuta jibu. Kuhusu taa ninalo. Nimelithibitisha, ningelitia sahihi.

Gari limeingia uani kwao. Mwanamke mwenye koti la kijani, mkoba kifuani. Hjördis amewasha kila taa ya nyumba kwa ajili ya mgeni; kwa mng'ao huo, kutoka hapa dirisha la karakana halionekani kabisa. Nimelitazama hata hivyo. Gunnel yuko mlangoni, ananipungia nije. Navaa buti –