Nani Anashuka Nawe Sasa, Kabange?

Kabange, mdogo wangu wa dakika ishirini,

Nakuandikia nikiwa kwenye cherehani, hapa kwetu Shituru, Likasi, na jambo la kwanza ninalotaka ujue, mimi dada yako mkubwa unayeniita Yaya, ni kwamba nina wivu. Sina namna nyingine ya kulisema. Nina wivu na bahari yako, nina wivu na kasa wako, na kuliko vyote nina wivu na huyo Saida unayezamia naye. Ungekuwa hapa ungecheka, halafu ungemwita mama aje asikie.

Ni ule ujumbe wako wa sauti wa Jumapili. Niliusikiliza kwa sikio la kulia, kama kawaida yangu, na mama ameniegemea begani ili naye asikie. Ulikuwa na furaha mpaka maneno yanakanyagana. "Yaya, leo mayi ilikuwa inang'aa! Unaona muntu kule mbali, mupaka na vidole vyake vyote. Tulishuka saa mayi inajaa, sababu ile ya bahari kubwa njo inaingia, inakuja safi. Ikianza kutoka, inaleta matope ya mikoko, hauone tena kitu." Ukaeleza mkondo ulivyowabeba kando ya ukuta wa matumbawe bila ninyi kupiga hata teke moja, na kasa mliyemkuta anakula majani yake wala asigeuze shingo. Kisha ukasema, kama mtu anayesimulia mzaha: "Bageni banasema minye na Saida tuko mapasa, juu kila kitu tunafanya pamoja. Tulicheka, Yaya!"

Mama naye alicheka. Mimi nilitoka nje nikaanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

Mapasa! Neno hilo lilikuwa letu kabla hatujajua maneno mengine. Unakumbuka tulivyolelewa: mgeni aliyeingia na chungwa moja, mama alimrudisha mlangoni akatafute la pili, kwa sababu pacha akinyimwa anaugua. Viatu viwili vilivyofanana, vikombe viwili, hata dawa ya minyoo uliimeza ukiwa mzima ili tu nisiimeze peke yangu. Kwa hiyo wivu wangu usiuite tabia mbaya. Kwa watu kama sisi wivu ni ugonjwa unaojulikana, na dawa yake ni kuleta viwili. Lakini bahari nani ataikata katikati aniletee fungu langu Likasi?

Shangazi alipokwenda Dar es Salaam kununua bidhaa alihitaji msaidizi mmoja, si wawili. Ulikwenda wewe, kwa sababu sikio langu la kushoto lilikuwa limeanza tena kutoa usaha. Ulisema utarudi baada ya wiki tatu. Ukapata kazi ya kufua mashuka ya hoteli kisiwani Mafia, mpaka mwenye duka la kuzamia akagundua kwamba unajua Kifaransa na wageni wake kutoka Ufaransa hawakuwa wakielewa hata neno moja alilowaambia. Akakufundisha kuvaa mtungi wa hewa, na leo wewe ndiye unayewaongoza watu chini ya maji. Kifaransa hicho tulijifunza dawati moja, Kabange. Na kwenye imla nilikuwa nakushinda.

Usidhani sisikilizi unapoeleza. Naijua bahari yako kama njia ya kwenda sokoni. Najua papa potwe anakuja kuanzia Oktoba, mkubwa kuliko teksi-basi, na hana habari na mtu. Najua masika yakianza maji yanachafuka, wageni wanaondoka na ninyi mnabaki kupaka boti rangi. Namjua mkunga, yule samaki kama nyoka anayetoa kichwa tunduni, anafumbua mdomo na kuufumba kama mama anapotugombeza kanisani bila sauti. Namjua na yule chewa mzee mwenye kovu ambaye Saida alimbatiza Bwana Harusi. Hata samaki mnawapa majina bila mimi.

Tena kuna jambo sijapata kukuambia. Saa nne yenu, ambayo kwetu ni saa tatu, najua unaingia majini. Nasimamisha cherehani na kuanza kuhesabu. Wateja wanadhani nasali, wananyamaza kwa heshima. Nahesabu mpaka pale ambapo zamani pumzi yako ilikuwa inakwisha, halafu nakumbuka kwamba siku hizi una mtungi mgongoni, na una Saida ubavuni, maana umesema sheria yenu ni wawili wawili na mtu hamwachi mwenzake. Basi narudi kwenye sare zangu za shule.

Wawili wawili! Kana kwamba wao ndio walioanzisha.

Kule ziwani Mwadingusha, nyuma ya bwawa, tulikuwa na sheria hiyo hiyo. Mtumbwi wa mjomba ulikuwa umefungwa kwenye nguzo, na kamba ya nyavu zake kuukuu tulijifunga kiunoni. Mmoja anashuka, mwingine anabaki juu ameshika kamba na kuhesabu, na aliyeshika kamba haongei na mtu. Kuvuta mara mbili maana yake nipandishe. Maji yalikuwa kama chai ya maziwa, hatukuona hata mikono yetu wenyewe, na samaki tulimjua kwa kuteleza kwake mguuni tu. Ushahidi wa kufika chini ulikuwa konzi ya matope. Wewe sasa unaona vidole vya mtu aliye mbali. Mimi bahari niliyopewa ni ile ya kupapasa.

Siku ile tulikuwa na miaka kumi na minne. Tulisogeza mtumbwi mpaka mahali ambapo mjomba alikuwa ametukataza. Ulishuka wa kwanza, ukaibuka na matope mpaka kwenye kiwiko, unacheka na kukohoa. "Nimefika, Yaya! Weye hauwezi!" Nikajifunga kamba, nikashuka. Yaliyofuata yote unayajua. Nilitoka na konzi ya matope mkononi na damu sikioni, na jioni hiyo, mbele ya mama, mjomba na majirani wote, nikasema: "Nilivuta kamba mara mbili. Kabange hakusikia."

Mjomba alikuchapa. Hukujitetea. Ulirudia neno moja tu, "Sikusikia, Yaya, sikusikia," na tangu siku hiyo hujapata kuniletea habari yoyote bila kuniuliza kwanza: "Sikio iko namna gani?"

Sasa nirudi kwenye Jumapili, maana ujumbe wako ulikuwa na mkia. Ulisema umemweleza Saida habari za kamba. Ulimwambia ndiyo sababu hakuna mgeni anayeshuka kabla hujamuuliza masikio yake, na kwamba kila mmoja unamwonyesha namna ya kubana pua na kupuliza polepole. "Yaya, kumbe ni ile tu. Unakamata pua, unapuliza, sikio inafunguka. Hatukujua tu." Hapo nililia kidogo, kwa sababu lilikuwa jambo dogo namna hiyo. Halafu nikasikia sauti nyingine, laini, ya kipwani: "Dada Kyungu, msamehe mwenzio. Alikuwa mtoto. Kila akikutaja analia."

Saida ananiombea msamaha kwako! Msichana ambaye sijawahi kumtia machoni anakuja kati yangu na wewe kama shemeji. Hasira niliyoipata, Kabange, ilinifanya nikose hata hamu ya ugali.

Na mama akamalizia kazi. Alikuwa amenunua kitenge, kile cha bluu chenye ndege, ili nitushonee magauni mawili yanayofanana kama anavyofanya kila mwaka. Siku iliyofuata alirudi dukani akaongeza kipande. "Ushone tatu," alisema. "Ule mutoto njo anachunga Kabange wetu mu mayi. Naye apate." Nikasema sina vipimo vyake. Mama akachukua simu, akakuuliza, ukamjibu kabla hata hajakaa chini.

Lako nilishona kwa siku moja. La Saida nilishona kwa siku mbili, na nitasema ukweli: nililibana kifuani makusudi, ili likivaliwa lipasuke mbele ya wageni. Nililipiga pasi vizuri nikalikunja. Nikalala. Asubuhi nikachukua wembe, nikaanza kulifumua uzi mmoja mmoja, na hapo katikati ya kufumua nikajua siwezi kulituma gauni hilo pamoja na uongo wangu. Kwa sababu yule msichana anachojua juu yangu ni kwamba mimi ndiye niliyeonewa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi huu wangu nimeuficha miaka kumi na saba.

Barua hii naiacha wazi, bila bahasha. Mama ataisoma kwanza, na ikifika, Saida ndiye akusomee. Uongo niliusema mbele ya watu, kwa hiyo haitoshi kukunong'oneza wewe peke yako.

Sikuvuta kamba, Kabange. Si mara mbili, wala mara moja. Upande wako uliushika vizuri, hukusinzia, hukuongea na mtu. Maumivu yalipoanza niliishika kamba kwa mkono mzima na kukaza vidole ili isitikisike, nisije nikapandishwa. Nilisikia sikio likipasuka ndani ya kichwa changu na bado nikaendelea kushuka. Wewe ulikuwa umeshaleta matope yako, na mimi sikuwa nayo.

Gauni la Saida nimelipanua, litamkaa. La kwako, ukiona huwezi kulivaa, liweke tu. Nitaelewa. Mwambie Saida ahsante kwa kukuchunga, na mwambie pia kwamba wivu wangu naye uko palepale, sijaufumua.

Dereva wa lori atakayebeba barua na magauni anaondoka kesho alfajiri. Saa tatu nitasimamisha cherehani na kuhesabu kama kila siku. Nakuomba kitu kimoja tu, mdogo wangu: ukishatoka majini ukanipigia, usiniulize tena habari za sikio.

Yaya wako,
Kyungu