Majivu ya Kutia Chooni

Karurumo,
14 Mei 2003

Kwa kaka yangu Mutugi,

Majivu yaliyokutwa katika maharagwe ya mama niliyamwaga mimi. Sijamwambia mtu mwingine. Sasa pokea salamu zangu. Sisi ni wazima wa mwili, natumaini nawe hujambo huko Meru.

Unakumbuka mahali marehemu baba alipokuwa akichanganyia kopa, ile dawa ya shaba ya kahawa, na kuosha pampu? Kahawa ilipong'olewa, mama alipanda maharagwe hapo. Yaliota manjano, mizizi mifupi kama iliyochomwa. Mama akasema kuna mkono wa mtu, akaanza kufunika chungu kila Shangazi Celina akipita, kwa kuwa tangu aachane na mumewe analima kipande cha shamba la baba, na mama anadhani analitaka lote. Nami nilimshuku, kaka. Nilimchungulia wiki nzima.

Kisha nikakumbuka somo la kemia. Metali hazidhuru mimea sawasawa. Zinazong'ang'ania mizizi kwa nguvu ndizo huua zaidi, na shaba hung'ang'ania kuliko zinki. Mvua haiiondoi. Udongo ukiwa mchachu, ndipo shaba huachiliwa ikaingia mizizini. Majivu hupunguza uchachu, basi nikayatia mistari miwili alfajiri, kimya kimya.

Mama alipoyaona alipiga mayowe. Shangazi alicheka, akasema angejua uchawi angeanza na yule mume wake. Hakuna aliyecheka naye. Jumamosi baba mdogo Mbogo ameita kikao cha kumfukuza. Mistari yangu miwili imeshaanza kuwa ya kijani, lakini mama anasema mchawi anafuta nyayo.

Nimeogopa kusema, maana kusema ni shaba ni kusema ni baba. Pampu yake mama ameitundika chumbani hadi leo.

Lakini kinachonichoma ni hiki. Majivu niliyaomba jikoni kwa Shangazi mwenyewe, nikamdanganya kwamba ni ya kutia chooni. Anajua tangu siku ya kwanza na hajanitaja. Jana mtoni aliniuliza tu choo chetu kinaendeleaje, akajitwika jerikeni akaenda zake.

Jumamosi nitasimama niseme, ingawa sauti yangu unaijua. Njoo ukae karibu nami. Nisalimie wifi na mtoto. Hadi siku hiyo, kaka, tafadhali usimwambie mama neno. Nataka alisikie kinywani mwangu.

Ni mimi dada yako,
Njoki