Bobine ya Nadège niliyoacha mu kabati

Alhamisi, mwezi wa sita. Baridi ya asubuhi bado iko mu bidole, na jua ya saa tisa haijasaidia kintu. Plamedi, mutoto yangu, amelala. Kikohozi kimemupa ruhusa ya saa moja, labda moja na nusu. Nimekaa pa mulango, kaye, daftari ya kazi, pa magoti, telefone mu mukono, na ninaandika neno ambalo sijapata kuandika hapa ku page yangu.

Niko na wivu.

Si wivu ya bwana. Bwana yangu iko Kasumbalesa na ma-camion yake ya mizigo, anarudi siku ya posho, Jumamosi, amechoka kama mimi, sioni mwanamuke atakayemutaka na ile vumbi yote. Ni wivu ya mutoto ya miaka kumi na tisa, jina yake Nadège, mwanafunzi ku centre yetu ya ufundi. Na leo ile wivu imenifanyisha kintu mubaya.

Kwa bale banaosoma mara ya kwanza: mimi ninafanya kazi ku section ya umeme. Kufundisha, hapana, balimu bako. Mimi ninatayarisha stage, ile miezi mitatu mwanafunzi anaenda kufanya kazi kwa patron, mwenye karakana, mbele ya kupata brevet yake, ile cheti ya ufundi. Ninatayarisha batoto: namna ya kusalimia, biatu bya kufunga, telefone mu mufuko, usiseme unajua kama haujui. Na ninatayarisha bapatron, na ile njo kazi ya nguvu. Patron mingi akiona mwanafunzi anaona fagio inayotembea.

Juzi tuliita bapatron saba. Bane balikuja. Nilisimama mbele yao na sauti ileile ninayotumia kwa Plamedi akikatala kunywa dawa. Niliwaambia mwanafunzi si boy ya nyumba, hatumwi kununua unité za telefone, hafui salopette ya kazi ya patron. Mumoja, mwenye kutengeneza ma-frigo, akanyoosha mukono.

— Mama Plamedi, sasa nani atafagia? Mimi na hii tumbo?

— Mutafagia wote, papa. Siku moja yeye, siku moja weye. Na tumbo nayo itapunguka.

Balicheka mpaka Ma Sœur directrice, sista mukubwa ya centre, akachungulia ku dirisha. Nilirudi nyumbani ninajisikia muntu mukubwa.

Ile ilikuwa juzi.

Sasa nieleze juu ya bobine, bila ile hamutanielewa. Moteur ya pompe ao ya moulin ya kusaga muhindi ikiungua, bobineur anatoa waya zote za mukuba, ile shaba, zilizoungua, anazungusha zingine mupya, muzunguko juu ya muzunguko, kisha anaziingiza ndani. Patron wa hii kazi akitaka kujua mwanafunzi, haombi points za masomo. Anaomba bobine moja: kitita cha waya kilichofungwa na kamba, karatasi ya jina juu yake. Anaigeuza ku mwanga. Waya zikilala moja pembeni ya ingine, mutoto iko na mukono. Zikipandana, basi. Na muntu anayebeba ile bobine kwa patron, mbele mwanafunzi hajafika, ni mimi. Peke yangu. Hakuna anayeniuliza nimebeba gani.

Nadège alipewa nafasi kwa Papa Kalenga. Hapa Kampemba hakuna bobineur anayemupita, hata bantu ba migodi banamuletea moteur zao.

Miaka ine nyuma, nikiwa mwanafunzi hapa, barua ya kwenda stage kwa Papa Kalenga ilikuwa na jina yangu. Clarisse. Nilikuwa nayo mu sakoshi, na mimba ya miezi mitano chini ya blouse. Harufu ya vernis ya kupaka ku waya ilikuwa inanitapisha. Directeur ya wakati ule akasema nirudi nikishazaa. Nilizaa. Nilirudi, na balinipa kazi ya kubeba barua za bengine.

Ninamupenda mutoto yangu. Ile pia niiandike, musije mukasoma hii vibaya. Nikinusa kichwa yake na ile pomade ya kifua, hakuna karakana duniani ninayoweza kubadilisha naye. Lakini bintu bibili binaweza kukaa mu moyo moja, na siku zingine binapigana.

Nadège analala usiku muzima. Inaonekana mu macho yake. Mama yake anamufulia, anamuachia chakula yake, bukari na sombe, chini ya kifuniko. Anafika centre anaimba. Na mikono yake… Bobine aliyozungusha mwezi uliopita, nilipoishika mara ya kwanza, niliipeleka ku dirisha, ku mwanga. Ilikuwa muzuri kupita zote nilizofanya mimi. Waya zimelala kama nywele za mutoto aliyetoka kusukwa.

Mu kabati ya section zilikuwa bobine zake mbili. Ile ya mwezi uliopita, na ile ya kwanza kabisa, ya mwaka jana, wakati hakujua hata kukaza waya. Zote mbili na jina yake.

Leo saa mbili nilifungua kabati. Plamedi alikuwa amekohoa tangu saa nane ya usiku, nilikuwa nimesimama kama muntu aliyesahaulika pa njia. Ningependa kusema uchovu ulinidanganya.

Hapana. Nilichukua ya kwanza, na nilijua ni ya kwanza.

Papa Kalenga alishusha miwani, akaigeuza ku mwanga, akapitisha kidole gumba juu ya waya.

— Huyu njo munaniletea?

— Anajifunza, papa.

— Anajifunza tangu wakati gani? Hii mutoto anafunga waya sawa muntu anafunga mufuko ya makala.

Bafundi bake babili bakacheka. Na mimi nilicheka. Kidogo, lakini nilicheka.

— Basi atakuwa anakwangua, akasema. Miezi yote mitatu. Bobine asiiguse.

Kukwangua ni kutoa masizi na karatasi iliyoungua mu tumbo ya moteur. Wiki ya kwanza kila mwanafunzi anakwangua, ile ni sawa. Lakini miezi mitatu ya kukwangua unatoka na mikono myeusi tu, na siku ya jury, mutihani ya mwisho, bakikuambia zungusha, utazungusha nini? Brevet inakupita. Nilijua ile yote. Neno moja lingetosha na nilikuwa nalo mu kinywa. Nikamuonyesha Papa Kalenga pahali pa kutia sahihi ku barua ya stage, akatia.

Nadège alikuwa ananingojea pa mulango ya centre.

— Ya Clarisse, ameiona?

— Ameiona.

— Aligeuza ku mwanga? Banasemaka anageuzaka ku mwanga.

— Aligeuza.

Akanikumbatia pale pale mbele ya sentineli, mulinzi yetu. Ku centre muzima kila muntu ananiita Mama Plamedi. Yeye peke yake ananiita na jina yangu: Ya Clarisse, dada Clarisse. Kisha akakimbia kutangazia benzake, na nilisikia mumoja anamutania: «Eh, bibi Kalenga, usitusahau.»

Saa tano nilikaa kujaza fiche yake, karatasi ya stage. Kuna mustari moja: kazi iliyoonyeshwa kwa patron. Niliandika «bobine ya mwezi wa tano». Niko na maandishi muzuri, kila muntu anaisema. Nikaangalia ile maandishi muzuri mpaka macho ikauma.

Miaka ine nimekuwa ninasema baliniiba stage yangu. Leo nilitafuta jina ya mwizi, nikakosa. Mimba ilikuja, wakati ukapita, na hakuna muntu aliyenitakia mubaya. Lakini Nadège, akiulizwa siku moja nani alimuiba yake, jina iko.

Nikapitia kwa jirani kumuchukua Plamedi juu alikuwa anawaka moto, nikamufunga mu mugongo, nikarudi ku kabati, nikabeba ile ingine, ya mwezi wa tano, nikaenda tena kwa Papa Kalenga.

— Mama, umesahau kintu? Papa Kalenga akauliza.

— Asubuhi nililetea papa bobine ya mwaka jana. Ya sasa ni hii.

Aliigeuza. Akaiweka pembeni ya ile ya kwanza.

— Ulikosea tu mu kabati?

Alikuwa ananifungulia mulango, muzee ya watu. Ningesema ndiyo, yote ingeishia pale na ningeenda kulalisha mutoto.

— Hapana, papa. Nilichagua.

— Juu ya nini?

— Juu ya wivu.

Bafundi bakaacha nyundo. Plamedi akakohoa ku mugongo yangu, na mumoja wao akaangalia chini, kama yeye njo aliyekamatwa.

— Sasa mimi nitaamini gani? Asubuhi unasema njo hii, sasa unasema njo ile. Kesho utaniletea ya muntu mwingine?

Nikakaza kitambaa ya Plamedi mu mugongo, na yeye akaendelea.

— Jumatatu akuje yeye mwenyewe. Atazungusha hapa, mbele ya macho yangu. Akishindwa, anakwangua. Na bale bengine ba centre yenu, sitakamata tena bobine yao ku mukono yako.

Nikasema ndiyo, papa. Nilitoka na kilo kumi na ine za mutoto mu mugongo.

Basi hesabu yangu njo hii. Batoto tisa banabaki kutumwa, na bapatron banasemezana. Kesho kutwa ile habari itakuwa imefika kwa ule ya ma-frigo. Ma Sœur anaweza kunitoa ku section, anitie ku usafi, na atakuwa na haki. Na Nadège, ambaye angeingia kwa mulango mukubwa, ataingia kwa mutihani, mbele ya banaume batatu banaongojea kuona kama mukono yake inatetemeka.

Nilifikiri nikishasema ile neno kwa sauti, wivu itaona haya, itaondoka. Iko hapa. Akizungusha muzuri ile siku, nitaumia, ninajijua. Akizungusha mubaya juu ya woga, nitaumia kupita pale, na ile itabaki yangu.

Plamedi ameamuka, ananiita. Moto imeshuka kidogo.

Kesho nitafika saa moja kamili, mbele ya bengine, nimufungulie Nadège section, nimupe waya yote iliyobaki ku stock na siku muzima ya kuzungusha. Na ile niliyomufanyia, nimuambie mwisho, akishamaliza, moyo yake ikiwa imetulia? Ao mbele, hajaanza?

Mbele. Hata kama atanirushia ile waya.