Ndege Iliyopita Juu ya Makaburi

Mwanangu Rusydi, Mwenyezi Mungu akujaalie subira.

Mimi ni mzima. Kazi ni ile ile. Juzi nilimpakata paka wa tajiri mwenye kampuni mpaka Penang, na abiria waliposhuka nikasafisha choo cha ndege kwa mikono yangu, maana urubani wa kampuni ndivyo ulivyo.

Umeniuliza kama ndege iliyopita juu yenu mkienda kumzika mama yako ilikuwa yangu. Ilikuwa yangu. Nilipopata habari za kifo chake niliomba ruhusa, na katibu wa tajiri akanijibu, "Pole sana, Kepteni, ila bosi ana wageni na anataka kuku wa kuchoma wa Kota Bharu. Si ndiko kwenu? Nenda, chukua, geuza."

Tulipotua, rubani msaidizi wangu Zulhelmi alinishika bega. "Nenda kamzike mkeo, mzee wangu. Nitawaambia ndege imeharibika. Nani atajua?"

Nilitamani kukubali, Mungu ni shahidi. Lakini mama yako hakupata kunisikia nikisema uongo, nikaona haya kuanza siku ya maziko yake. Tukapakia kuku, tukaruka. Nilipoliona kutoka juu jeneza mabegani mwenu, Zulhelmi alishika usukani, nami nikamswalia nimekaa kitini.

Tajiri alionja paja moja, akasema kuku amepoa, akaagiza chakula kingine.

Nikipewa ruhusa nitakuja. Hata kama hutaki kusema nami, nakuomba unipeleke kwenye kaburi la mama yako wewe mwenyewe.

Baba yako,
Haji Mustapa