Komeo la Mama na Diodi Iliyogeuzwa

Shirimatunda,
Moshi.
17 Novemba 1996

Mpendwa Kaka Primus,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mpanda, pamoja na shemeji Monica na watoto. Yule mdogo kifua kimepona? Huku mvua zimeanza vizuri na migomba imesimama. Mwili wangu hauna tatizo, ila moyo umechafuka.

Najua mdogo wako Julius ameshakuandikia kwamba waya zangu zilimfungia mama ndani, na kwamba lazima ahamie kwake Tarakea kabla ya Krismasi. Anangoja neno lako wewe mkubwa. Nakuomba usilitoe kabla hujanisoma mpaka mwisho.

Nyonga ya shangazi, mama yako, unaijua. Kufika mlangoni kwake ni safari, na tangu walevi waingie wakachukua redio, hakubali mlango ukae wazi. Kuhama nako hataki kusikia. Anasema kwenye kihamba chake, ardhi ya ukoo, atatoka akiwa amebebwa. Ndiyo maana nikamtengenezea komeo la sumaku ya umeme. Springi inalifunga, akibonyeza kitufe kitandani, sumaku inalivuta.

Sumaku yenyewe ilinitoa jasho. Koili ya rilei ya gari haikulitikisa hata komeo. Ile ya stata ya Landrova ilivuta kwa kishindo, lakini ilikunywa betri na kuchemsha waya. Nikasuka waya za koili yangu mwenyewe juu ya bolti ya chuma kigumu. Bolti ikabaki sumaku hata nikikata umeme, komeo likang'ang'ania. Nilipoweka chuma laini, likaachia.

Kitufe ni cha kengele tu, hakiwezi kubeba umeme wa koili, kwa hiyo transista ndiyo inayoiwasha. Koili nayo ikizimwa hurusha teke la umeme linaloweza kuua transista. Kazi ya diodi, kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ni kulimeza teke hilo, na ili ilimeze ni lazima ikae kinyume na betri. Tangu Septemba ilifanya kazi bila kasoro.

Mwisho wa Oktoba Julius alikuja na kifaa chake cha kulehemu. Hakuuliza mtu. Akaigeuza diodi, hakujaribu, akavuta mlango, akaenda zake kunywa mbege. Mama yako alipobonyeza, umeme ukapita moja kwa moja kwenye diodi bila kufika kwenye koili, transista ikapasuka na kufuka moshi, komeo lisivutwe. Alikaa ndani na moshi ule toka mchana mpaka jioni, jirani alipovunja dirisha. Nilipofika, chumba kilinuka plastiki iliyoungua na mkojo. Bado naisikia harufu hiyo.

Nilimfuata Julius. Unajua alinijibu nini? "We Ildefonce, hata mtoto wa darasa la tano angeona kadude kako kamekaa kichwa chini. Mimi nimekusaidia!" Kisha akatangaza nje ya kanisa, mbele ya watu, kwamba mama sasa anakojoa kitandani, hafai kukaa peke yake. Mama yake mzazi! Nilitamani kutema mate.

Shangazi alipozipata habari alisema, "Nimezaa sita, leo wa mwisho ananitangaza kama ng'ombe mgonjwa mnadani."

Wiki iliyofuata Julius akaja na jani la isale kuomba msamaha, huku anacheka. Isale halikataliwi, nawe unajua. Shangazi alilipokea, akaniambia nilichomeke kando ya mlango.

Komeo nimelitengeneza upya, na nimefunga kamba ya kuvutia kutoka kitandani, umeme ukigoma. Kwa hiyo mwandikie Julius kwamba mama anabaki hapa kwenye kihamba chake.

Jumapili iliyopita nilikuwa ndani Julius alipogonga. Shangazi alimtambua kwa kikohozi. Kitufe kilikuwa mkononi, rozari mkono wa pili. Alimaliza kwanza mafumbo yote, taratibu, mvua inanyesha, ndipo akabonyeza.

Wasalimie Monica na watoto. Mama yako anawabariki wote. Mungu awatunze mpaka tuonane.

Ndugu yako anayekupenda hata akiwa na hasira hii,

Ildefonce